Siku ya mhariri na majirani wa maneno

Saa 12 asubuhi, kituo cha Mbagala Rangi Tatu. Wapigadebe wamekwishapandisha sauti: "Kariakoo! Kariakoo!" Nasafiri nimesimama.

Saa 2. Chai, chapati mbili, na mswada wa mwalimu mstaafu kuhusu ushirika wa wakulima wa korosho. Ukurasa wa nne: "Ushirika umesababisha maendeleo." Sarufi haina kasoro, ila sikio linagoma.

Saa 3 nafungua kopasi ya Kiswahili ya Helsinki. Ni hazina ya matini yenye maneno kama milioni 25: magazeti, vitabu, mijadala ya Bunge la Tanzania. (Ndiyo, Kiswahili chetu tunakifuata Ufini.) Vitenzi vyetu hubeba viambishi mbele, kwa hiyo natafuta maneno yanayoishia na "sababisha", nipate ilisababisha, umesababisha, yanayosababisha, yote kwa pamoja. Mistari inajipanga, neno langu katikati. Sisomi sentensi nzima. Nashusha macho upande wa kulia tu. Vifo. Hasara. Uharibifu. Msongamano. Vifo tena. Neno hili limekaa msibani muda mrefu mno, na kamusi haikuniambia. Najaribu "leta": mabadiliko, maendeleo, tija, lakini pia madhara na vurugu. Hili linakwenda arusini na matangani. Narekebisha: "umeleta maendeleo".

Saa 6, simu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Naona umenifutia 'umesababisha'. Kosa liko wapi?"

Namsomea mistari saba, minane. Kimya.

"Kwa hiyo nimeutangazia ushirika wangu msiba?"

Saa 7, wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8 nakutana na "hali iliyopelekea bei kushuka". Hili nimelifuta miaka yote. Kwangu mimi, kupelekea ni kumpelekea mtu kitu: mzigo, salamu, chakula. Naingia kwenye kopasi kutafuta ushahidi wa kumpa mwalimu, na ushahidi unanigeukia. Waandishi wa habari wanalitumia. Waheshimiwa wabunge nao wanalitumia. Najitetea kwamba magazeti na Bunge vina Kiswahili chao, na bibi yangu wa Kilwa hamo humo. Ni kweli. Lakini asubuhi hoja hiyo sikuikumbuka, kopasi ilipokuwa upande wangu. Nafuta hata hivyo, kwa ukaidi.

Saa 10 kazi imepungua, natafuta "debe" kwa udadisi tu. Natarajia mafuta na mahindi. Yapo, lakini wapo pia wagombea wanaopigiwa debe. Kelele za stendi zimepanda mpaka kwenye siasa.

Saa 1 usiku nimeshuka Rangi Tatu, simu inatetema. Mwalimu ameandika: "Sababisha umenishinda. Pelekea nimeirudisha."

Nimejibu: "Sawa, mwalimu. Iache."