Siku moja mkekani na watoto wenye sindromu ya Down

Saa 1 asubuhi nafagia chumba cha fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, natandika mikeka miwili ya ukindu na godoro jembamba juu yake, kisha naitikisa chupa ya plastiki yenye punje za mahindi, ambayo ndiyo humvuta mtoto ageuze kichwa. Hapa Tanga Jumatano yangu ni ya watoto wachanga wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji, na nataka mkeka uwe na joto kabla hawajafika, kwa sababu mtoto anayelia hafanyi mazoezi.

Saa 2 anaingia mama aliyepanda basi la alfajiri kutoka Pangani, akiwa na mtoto wa miezi miwili. Aliwahi kuambiwa mahali fulani kwamba mwanawe hatatembea kamwe, na amelibeba neno hilo tangu siku ile. Namweleza polepole kwamba mtoto ana kromosomu ya 21, moja ya nyuzi ndogo zinazobeba urithi ndani ya seli, tatu badala ya mbili, kwamba misuli yake imelegea na kano zinazofunga viungo vyake zinavutika kuliko kawaida, na kwamba kwa sababu hiyo hatua zitachelewa, lakini watoto walio wengi wa hali hii hutembea wenyewe, mara nyingi karibu na umri wa miaka miwili, wengine mapema zaidi na wengine hata baada ya mitatu. Kisha nauliza habari za moyo, maana karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo: je, hutokwa jasho anaponyonya, midomo hubadilika rangi akilia? Hajawahi kupimwa, basi naandika rufaa kwanza. Kwa leo inatosha alale kifudifudi juu ya kifua cha mama yake, ainue kichwa aitafute sauti anayoijua.

Saa 4 anakuja bibi na mjukuu wake wa miezi 11. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi ananiambia kwa furaha kwamba kijana sasa anakaa mwenyewe, na anamlaza kifudifudi ili nione. Mtoto anaitandaza miguu pande zote mbili kama chura, anasukuma sakafu kwa mikono na kurudi nyuma mpaka amekaa. Bibi anapiga makofi. Inaniuma kumkatiza, lakini namwambia: "Bibi yangu, hiyo ni njia ya mkato, na viungo vyake laini ndivyo vinavyomruhusu kuipita." Akiizoea, kiwiliwili hakitajifunza kujipinda, nyonga hazitajifunza kubeba uzito, na baadaye atasimama miguu ikiwa imetanuka mno.

Naweka viganja vyangu nje ya mapaja yake, nayakutanisha, namlaza ubavu wa kulia, kisha nasubiri. Simvuti kwa mikono, kwa kuwa kiungo kati ya pingili mbili za juu za shingo huweza kuwa kimelegea. Kiwiko kinatetemeka, vidole vinashika ukindu wa mkeka, bibi anataka kumsaidia na mimi namwomba asubiri kidogo tu. Kiwiko kinanyooka, kiganja kinafuata, na mtoto anafika kwenye kukaa akiwa ametoa jasho puani. Kusubiri huko ndiko ninakotaka familia zijifunze kuliko zoezi lolote.

Saa 6 nawakusanya walezi watatu. Nawasimulia utafiti wa Dale Ulrich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2001, ambamo wazazi waliwashikilia watoto wao juu ya mashine ndogo yenye mkanda unaozunguka, nyumbani, dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Watoto hao walijifunza kutembea bila kushikwa kwa muda mfupi zaidi kwa takriban siku 101 kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida pekee. Sisi hatuna mashine hiyo, wala siwaahidi siku 101 kwa mkeka. Ninachokichukua pale ni kwamba mazoezi yalifanywa na wazazi, nyumbani, kidogo kidogo na karibu kila siku, wakati mimi namwona mtoto mara moja tu kwa wiki.

Baada ya chakula, saa 8, binti wa miezi 22 anasimama dede akishikilia kigoda. Naangalia nyayo zake: zimelala ndani, kwa hiyo namwomba baba yake atafute viatu vyenye kisigino kigumu kwa muda wa mazoezi tu, na nje ya hapo acheze pekupeku ili nyayo zihisi ardhi. Tunasogeza chupa ya mahindi hadi kigoda cha pili. Anapiga hatua mbili za ubavu, anasita, anamtazama baba yake, anapiga ya tatu.

Saa 9 na nusu najaza mafaili. Kwenye faili la yule mjukuu naandika: kuketi kupitia ubavu wa kulia, mara tatu, wa kushoto, bado. Bibi ameahidi kuiondoa mito aliyokuwa akimwegemeza, na Jumatano ijayo tutaanza na kushoto.