Siku moja maishani mwangu: natangaza gemu za Poland, ofisi iko Ngamiani

Majirani zangu hapa Ngamiani, Tanga, wana majibu mawili wakiulizwa nafanya kazi gani. Wengine husema nacheza gemu kutwa. Wengine, hasa vijana wa kijiweni, wameshaamini niko kampuni ya kubeti, na kila Jumamosi mmoja hugonga dirisha: "Dada, mkeka wa leo ukoje?" Sina mkeka. Mimi ni msemaji wa gemu. Studio ya Poland, yaani mteja wangu, ikishatengeneza gemu ya video, nawatafuta waandishi na wenye chaneli za YouTube, nawapa waicheze mapema, halafu nangoja watakachosema. Siwalipi. Wakisema mbovu, ni mbovu, na mimi ndiye wa kumpelekea mteja habari hizo kwa ulimi laini.

Siku ninayoisimulia ilikuwa siku ya embago, yaani siku ambayo wahakiki wote wanaruhusiwa kuchapisha kwa pamoja, si dakika moja kabla. Usipoweka hivyo, kila mtu atakimbilia kuwa wa kwanza na hakuna atakayeimaliza gemu.

Saa 11 alfajiri naamka kujibu Wajapani, ambao wametutangulia saa sita. Saa 1 asubuhi, mbaazi kwa mahamri.

Saa 2 mpaka saa 5 ni kodi. Si ya nyumba. Hizi ni herufi na namba kumi na tano ambazo mtu akiziingiza kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, gemu inakuwa yake. Sasa hapo ndipo matapeli walipojazana. Mtu anaandika kwa jina la chaneli kubwa, picha ileile, salamu tamu, anaomba kodi nne "za timu yangu". Ukiitazama anwani vizuri, herufi moja imezidi. Kodi hizo zinauzwa mtandaoni kabla chai yako haijapoa. Kwa hiyo kila ombi nalifuata mpaka kwenye ukurasa wa chaneli yenyewe na kujibu kwa anwani iliyoandikwa pale. Asubuhi hiyo maombi yalikuwa thelathini na moja. Wa kweli tisa.

Zamani kazi hii ilikuwa ya wenye pasipoti na suti. Maonyesho ya gemu ya E3 kule Marekani, yaliyoanza 1995, ndiyo yaliyokuwa hija ya wasemaji wote, mpaka yalipofungwa moja kwa moja Desemba 2023. Siyalilii. Barua pepe haiulizi viza.

Saa 7 mchana nilikuwa nimeshika kijiko cha wali simu ilipolia. Mteja, neno moja tu: "Kwa nini?" Chini yake kiungo cha video. Uhakiki kamili wa gemu yetu, uko hewani, saa sita kabla ya wakati.

Embago ilikuwa saa 3 asubuhi ya California, ili Wamarekani wawe wameamka, na kwetu hiyo ni saa 1 usiku. Kwenye barua pepe niliandika 19:00. Ila kwenye kundi la WhatsApp la vijana wetu wa Afrika Mashariki nikaandika kwa haraka, kama ninavyoongea na mama yangu: "Ni saa 1:00." Kijana mmoja wa Nairobi akatazama simu yake, ikasoma 1:00, akabonyeza.

Nikampigia. Inaita, haipokelewi. Nikampigia tena. Huku mhakiki wa Ujerumani ananiuliza, kwa adabu ya kuudhi, kama mmoja ametoa na wao si watoe? Nikaanza kuwajibu mmoja mmoja, watu arobaini na tatu: embago ipo palepale, tafadhali subirini. Wa ishirini na ngapi sijui, umeme ukakatika. Kompyuta ina asilimia kumi na moja. Nikaitia kwenye mfuko, nikapanda baiskeli, jua la Tanga utosini, mpaka steshenari ya binamu yangu yenye jenereta. "Leo umechukiwa na nani?" akaniuliza. Sikumjibu. Nilikuwa naandika kwa Wajerumani.

Yule kijana alipokea simu wakati alasiri inaadhiniwa. Alikuwa amelala! Amekesha akiimaliza gemu, akachapisha, akalala. "Lakini dada, si uliandika 1:00?" Nilitaka kumfokea, nikakosa pa kuanzia, maana kosa lilikuwa langu na uhakiki wake ulikuwa mzuri kuliko wa wengi. Akaifunga video. Watu mia tisa walishaiona. Nikamwandikia mteja ukweli wote, pamoja na somo la saa za Kiswahili ambalo hakuliomba.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Magharibi ilinikuta bado steshenari. Saa 1 usiku zikafunguka zote kwa mkupuo: Uingereza, Brazili, Japani, na ya yule kijana ikarudi hewani. Nikasoma, nikanakili alama, nikatuma ripoti. Mteja akajibu "Asante" kwa Kiswahili, sijui ameipata wapi.

Nikiwa njiani nasukuma baiskeli, maana miguu ilishagoma, ujumbe ukaingia kutoka Nairobi: "Dada, gemu inayofuata ni lini? Na saa ngapi, za simu ama za mama?"