Mkono ulivyonigomea siku ya tatu baada ya opereshoni ya shingo

Nilifanyiwa opereshoni ya shingo kwa nyuma sababu pingili zilikuwa zinabana uti wa mgongo, yaani ule ugwe wa neva unaopita ndani yake, miguu ishaanza kuwa mizito na kufunga vifungo vya shati ni shughuli. Siku mbili za mwanzo nilikuwa vizuri tu. Ya tatu asubuhi nimeshika mswaki nataka kuupeleka mdomoni, mkono wa kulia hauji. Yaani vidole vimeukamata mswaki vizuri, kiganja kina nguvu zake, ila bega halinyanyuki na kiwiko kinakunja kwa shida, ikabidi niupandishe kwa mkono wa kushoto.

Nikamwita nesi hapo hapo. Daktari akanipeleka kupiga picha ya MRI kuangalia kama kuna damu imejikusanya inagandamiza, hakukuwa na kitu. Akaniambia ni neva (mshipa wa fahamu) ya tano ya shingo, wao wanaiita C5, ndo inayoendesha msuli wa bega na ule wa kukunja kiwiko, na inadhaniwa uti ukishapata nafasi unasogea nyuma kidogo unaivuta. Wengi nguvu zinawarudia ndani ya miezi 6, wengine inapita hata mwaka. Kusema ukweli niliumia sana, maana kabla ya kusaini fomu nilitajiwa kutokwa damu na maambukizi, hili la mkono hakuna aliyenigusia. Kama unaenda kufanyiwa, waulize kabisa.

Kilichonisaidia ni kuanza fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, mapema. Mtaalamu alinielewesha kwamba neva inarudi kwa muda wake, kazi yetu sisi ni kulinda bega lisije likakakamaa wakati tunaisubiri. Basi mke wangu alikuwa ananinyanyulia mkono taratibu mara tatu kwa siku, nikikaa naupakata kwenye mto usining'inie, halafu naweka kiganja juu ya taulo mezani nakisukuma mbele nakirudisha, mbele nakirudisha, siku zingine machozi yananitoka.

Wiki ya saba nikaona msuli wa juu ya kiwiko umecheza, kidogo tu, nikamwita mke wangu aje aone. Kiwiko kikatangulia, bega likachelewa sana. Mwezi wa tano mswaki ukafika mdomoni bila kusaidiwa. Sahivi ni mwezi wa tisa, kikombe nakiweka kabati la juu, ila kikiwa kimejaa mkono bado unatetemeka, na lile taulo bado lipo mezani.