Skrini ya kusomea eksirei: nilivyorudisha kijivu kilichokuwa kinamezwa

Anayekushauri ununue skrini kubwa kabisa ili usome eksirei vizuri, muulize pikseli yake ina upana gani. Skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli ya milimita 0.277. Idadi hiyohiyo ukiitandaza kwenye inchi 32, inafika 0.369, wakati kwa kazi ya kutoa ripoti hutakiwa isizidi takriban 0.2. Mimi nilichukua inchi 27 ya 3840 kwa 2160, milimita 0.155, paneli ya IPS (aina ambayo kijivu chake hakibadiliki sana ukitazama kwa pembeni), isiyong'aa kama kioo. Bei yake haikufika hata robo ya skrini maalumu za hospitali. Paneli za TN zilikuwa rahisi zaidi, lakini daktari wa pili akisimama pembeni anaona kijivu kingine kabisa.

Nikazima hali ya kubana umeme, kontrasti inayojibadilisha yenyewe na mwanga wa usiku, nikaiacha iwake nusu saa, kisha nikafungua picha ya majaribio ya SMPTE (chama cha wahandisi wa filamu na televisheni) ndani ya programu ileile ya kusomea eksirei. Humo mna mraba wa asilimia 5 ndani ya mweusi, na wa asilimia 95 ndani ya mweupe. Yote miwili haikuonekana.

Hapo ushauri ukamiminika. Ongeza mwangaza! Niliongeza: nyeusi ikapauka kama jivu, mraba haupo. Ongeza kontrasti! Mbavu zikasimama, kila mtu chumbani akasifu, mraba haupo. Gamma, yaani mwangaza wa kijivu cha katikati, nayo ikachezewa hadi katikati pakawa maziwa matupu. Hakuna kimojawapo cha vitufe hivyo ambacho kingesaidia, maana kijivu hicho kilikuwa kinakatwa kabla ya kufika kwenye paneli. Nilichomoa waya wa HDMI, nikachomeka wa DisplayPort, miraba ikajitokeza papo hapo. Kompyuta ilikuwa inatuma ngazi za kijivu 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), skrini inaipokea HDMI kama ya televisheni, 16 hadi 235. Asilimia 5 ni ngazi ya 13, iko chini ya 16. Asilimia 95 ni 242, juu ya 235. Kwenye eksirei ya kifua, ukanda unaomezwa hivyo ndimo unamoweza kujificha mstari mwembamba wa hewa iliyovuja kandokando ya pafu. Kama huna DisplayPort, ingia kwenye menyu, chagua masafa kamili (0 hadi 255) upande wa skrini na upande wa kompyuta.

Kolorimita, kifaa cha kupima mwanga na rangi ya skrini, niliazima. Inabandikwa katikati ya skrini, programu inapanga ngazi kwa mkunjo wa DICOM (kiwango cha kimataifa cha picha za kitabibu) sehemu ya 14, ili kila hatua ya kijivu iachane na jirani yake kwa tofauti ambayo jicho linaihisi sawa. Meza ya kutoa ripoti inahitaji mwangaza wa angalau kandela 350 kwa mita ya mraba. Skrini ya kawaida inayofika hapo ikiwa mwangaza umefunguliwa hadi mwisho haina akiba, na taa zake huchoka. Kwa hiyo yetu inatumika kwa madaktari wa wodini tu, si kwa kutoa ripoti. Eksirei za matiti usizisomee hapo kamwe.

Pazia zito lilisaidia kuliko nilivyotegemea. Nyeupe ikiwa kandela 300 na nyeusi 0.3, uwiano ni 1000. Mwanga wa dirishani ukiongeza kandela 1.2 tu juu ya kioo, uwiano unaanguka hadi 200. Lenga mwanga wa chumba wa luksi 25 hadi 50, si giza totoro, na koti jeupe lisiakisi kwenye pafu jeusi.

Picha ya kifua yenye urefu wa pikseli 3000 haienei kwenye 2160, kwa hiyo kuza hadi pikseli moja ya picha ikae kwenye pikseli moja ya skrini kabla ya kusema mfupa hauna ufa.

Kusasisha dereva (programu inayoendesha) wa kadi ya picha kunaweza kurudisha masafa ya zamani. Picha ya SMPTE nimeiingiza kwenye orodha ya wagonjwa kwa jina TEST, ifunguliwe kabla ya eksirei ya kwanza ya asubuhi.