Furaha ya swali la pili

Tangu nistaafu ualimu, watu huniuliza kama sichoki kukaa bila kazi, na kila mara huwaeleza kwamba sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote ndiyo niliyobaki nayo. Sehemu hiyo ni kumsikia mtu akiuliza swali la pili.

Swali la kwanza mtu huliuliza kwa haja au kwa adabu: anataka kujua maana ya barua aliyoletewa, au anataka tu kumpa mwalimu mzee heshima yake kwa kumuuliza jambo. Swali la pili huja baada ya jibu, wakati mtu angeweza kushukuru na kwenda zake, lakini akasita kidogo, kisha akasema, "Hebu ngoja, Mwalimu. Ikiwa ni hivyo, basi mbona…" Nikiisikia hiyo "basi mbona", moyo wangu hujaa, kwa sababu najua kwamba mtu huyo ameanza kutafuta elimu kwa hiari yake, bila mtihani, bila cheti na bila kusukumwa na yeyote.

Nilifundisha katika shule za msingi za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, wakati wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), ulioanza mwaka 1985 na ambao mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kipindi kilikuwa cha dakika 35. Serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, watoto waliokuwa wamefungiwa nje na umaskini walifurika madarasani, nami nilifurahi sana kuwaona, ingawa madawati hayakutosha na wengine waliandikia mapajani. Katika darasa la namna hiyo, mwalimu mwenye silabasi ya kumaliza hulijibu swali la kwanza na kuendelea na somo. Maswali ya pili hata hivyo yalikuwapo. Niliyaona machoni mwa watoto, na wengine walinifuata nayo hadi mlangoni pa ofisi ya walimu wakati wenzao wakicheza. Mwalimu hustaafu akifikisha miaka 60, na muda niliopewa na kustaafu nimeamua kuutoa kwa maswali hayo.

Acha nieleze kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike leo.

Karibu na kituo ninaposhukia matatu kuna mama mboga ambaye kibanda chake kinatazama kusini. Siku moja ya Desemba nilimkuta akihamisha turubai kwa mara nyingine, huku sukuma wiki aliyoinyunyizia maji ikiwa imenyauka. Akaniambia, "Mwalimu, hili jua linanisumbua. Desemba linanichomea mboga hapa mbele, na ikifika Juni liko huko nyuma ya kibanda. Kwani linahama?" Nilimjibu kwa ufupi kwamba dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama kidogo kwenye mhimili wake, na kwa hiyo sisi tulio huku chini tunaliona jua likisogea kaskazini na kurudi kusini kila mwaka. Akanishukuru, akampangia mteja fungu la nyanya, akahesabu chenji. Kisha akanigeukia tena. "Basi kama linakwenda na kurudi, si lazima kuna siku linapita hapa hapa juu ya kichwa changu?"

Sikumjibu. Nilimuuliza kama angependa tuitafute siku hiyo pamoja, naye akakubali.

Tulichukua mti wa ufagio, tukaukata uwe mita moja, tukausimamisha katika debe la mchanga na kuhakikisha kwa uzi uliofungiwa jiwe kwamba umesimama wima. Mwanawe, ambaye shule zilikuwa zimefungwa, alipewa chaki na kazi ya kutia alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Jambo la kwanza lililowashangaza ni kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hakikuja saa sita kamili, bali karibu na saa sita na nusu. Saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, ilhali Nairobi iko karibu na nyuzi 37. Kila nyuzi moja ni dakika nne za jua, na nyuzi nane zinafanya dakika 32. Kijana alizihesabu kwa vidole, akarudia tena kuhesabu, kisha akaitazama saa ya simu ya mama yake kwa mashaka makubwa.

Mwishoni mwa Desemba, kwa futi kamba ya fundi wa nguo aliye jirani, kivuli kifupi cha siku kilikuwa na sentimita 41 hivi, nacho kilielekea kaskazini. Juni ilitusumbua, kwa maana kila mkazi wa Nairobi anayajua mawingu ya miezi hiyo, na ilitubidi kuvizia jua kwa siku kadhaa. Lakini lilipojitokeza, kivuli kilielekea kusini na urefu wake ulikuwa karibu sentimita 46. Mama mboga ndiye aliyeona kwamba vipimo havilingani, akataka kujua sababu. Nilimwachia ramani ya Kenya yenye mistari ya latitudo, na kesho yake akanionyesha kwa kidole chenye udongo wa viazi kwamba Nairobi iko chini kidogo ya ikweta. Iko nyuzi moja na dakika 17 kusini (dakika hapa ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi), na kwa sababu hiyo jua la adhuhuri la Juni huwa mbali zaidi na utosi wetu kuliko la Desemba. Mti wa ufagio umempa habari ambayo watu hudhani hutolewa na setilaiti pekee. Aliwaita wenzake wa vibanda vya jirani akawaeleza yeye mwenyewe, na alivyoeleza ni vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mimi ubaoni.

Mmoja wa waliosogea kusikiliza ni mhudumu wa bodaboda ambaye kwa miaka mingi ameamini kwamba hesabu ilimshinda. Alipoambiwa kwamba jua la utosini huvuka Lodwar, kaskazini mwa Kenya, katikati ya Septemba, tarehe 15 hivi, kisha likafika Nairobi kama tarehe 26, aliuliza swali ambalo mwenye pikipiki pekee ndiye angeliuliza: linakuja kwa mwendo gani? Tuliandika kwenye kipande cha katoni. Tofauti ya latitudo kati ya Lodwar na Nairobi ni nyuzi 4.4 hivi, kila nyuzi ya latitudo ni karibu kilomita 111, jumla inakaribia kilomita 490, na siku ni 11. Aligawanya mwenyewe, kwa chaki yangu, akapata takriban kilomita 44 kwa siku, umbali ambao yeye huumaliza kabla ya saa nne asubuhi. Mimi siamini kwamba hesabu ilimshinda mtu huyu. Naamini kwamba hakuna aliyewahi kumpa hesabu ambayo jibu lake alilihitaji.

Yule kijana wa chaki alitaka kujua kama kuna mtu mwingine aliyewahi kupima dunia kwa kivuli, na hapo nilipata fursa ya kumsimulia habari za Eratosthenes, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria nchini Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alisikia kwamba katika mji unaoitwa leo Aswan, adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote, jua hufika hadi chini kabisa kisimani. Akapima kivuli cha Alexandria adhuhuri ya siku kama hiyo, akapata pembe ambayo ni sehemu moja ya 50 ya duara, na kutokana na umbali wa miji hiyo miwili akakadiria mzingo wa dunia nzima. Kijana alipoambiwa kwamba mtu huyo alikuwa mkutubi, aliomba kupelekwa maktaba.

Tulianza na ile ndogo ya Kaloleni, kisha tukaenda McMillan katika Barabara ya Banda, penye simba wa mawe mlangoni. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Nilimweleza hivyo tukiwa ngazini, naye aliingia ndani taratibu na kwa makini sana. Ninaishukuru taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa bidii yake ya kuzifufua maktaba hizi za umma. Mtoto wa Eastlands anahitaji mahali pa kukaa na kitabu bila kuulizwa atanunua nini.

Jioni nasaidia katika darasa la ngumbaru kwenye ukumbi wa kanisa. Humo namkumbuka mara kwa mara Mzee Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84 kwa sababu alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yalipomwondoa kwake, aliendelea kusoma hapa Nairobi, Kariobangi, hadi karibu na kifo chake mwaka 2009. Wanafunzi wangu wanapoona haya kwa sababu ya umri, huwasimulia habari zake, na haya huwatoka.

Mama mmoja wa darasa hilo alikuja akitaka kitu kimoja tu: kusoma ujumbe wa M-Pesa bila kumpa mtu simu yake. Alipoweza, nilidhani angetuaga. Badala yake alirudi wiki iliyofuata, akauliza kama ni nafuu kutuma pesa zote mara moja au kidogo kidogo, nasi tukaitafuta orodha ya ada, akailinganisha mstari kwa mstari hadi akapata jibu lake. Sasa anawafanyia majirani hesabu hiyo.

Wazazi huniomba niwafundishe watoto wao mbinu za kupata alama, nami huwaomba kwanza wasimnyamazishe mtoto anapouliza mara ya pili wakati wa chakula cha jioni. Si lazima mzazi awe na jibu. Kumwambia mtoto, "Sijui, hebu tutafute," kunatosha, na huo ni msaada ambao hata mzazi asiyesoma anaweza kuutoa.

Septemba hii tumepanga kazi kubwa. Dada yake mhudumu wa bodaboda yuko Lodwar, na atasimamisha mti wake katikati ya mwezi. Sisi tutasimamisha wetu tarehe 26. Na mdogo wake mama mboga, aliye Mombasa, atasubiri hadi siku za mwanzo za Oktoba. Kila mmoja atapiga simu kivuli kitakapokwisha. Nimewaambia kwamba, kwa kuwa Mombasa iko mashariki yetu, adhuhuri ya jua huko hutangulia ya kwetu kwa dakika 11 hivi. Mama mboga ameuliza mbona 11 na si 20. Nimempa ramani ile ile, na Jumamosi atanieleza.