Mluzi wa Spika: Siku Tatu za Hendrix Tabora

Kazi yangu ni kunyamazisha spika. Nina kibanda cha ufundi Mwanga, hapa Kigoma, natengeneza redio, amplifaya na simu zilizotumbukia ziwani, na kila Jumapili nakaa kwenye miksa ya kanisa letu kule Gungu. Maiki ikipiga mluzi, waumini hawamwangalii mchungaji, wananigeukia mimi. Kwa hiyo mpwa wangu anayesoma Tabora aliponipigia kuniambia kuna mwalimu wa gita kaandaa siku tatu za kumkumbuka Jimi Hendrix, mpiga gita wa Marekani, mafunzo mchana, mazungumzo jioni na shoo siku ya mwisho, na kwamba anatafuta fundi wa kumtengenezea "kile kidude cha kukwaruza sauti", nilicheka kwanza. Kisha nikavuta sanduku la redio mbovu.

Kidude chenyewe si kigeni kwa fundi. Kile cha mviringo alichokuwa anakikanyaga Hendrix, Fuzz Face, ndani yake kina transista mbili tu za kukuza sauti, resista nne, kapasita tatu na vitufe viwili vya kuzungusha. Kinachosumbua ni transista: zile za mwanzo zilikuwa za madini ya germaniamu, na siku hizi dukani ni nadra kuzipata. Lakini redio ya marehemu baba ilikuwa nazo. Nilizichomoa kwa mikono miwili kama mtu anayeokota mayai, nikachomea usiku kucha, nikafunga kila kitu kwenye kopo la biskuti.

Kigoma ni mwisho wa reli, na ukitoka huku ndiyo mwanzo wake. Treni ilijaa mawese, dagaa na watoto. Mama niliyekaa naye kiti kimoja aliliangalia lile kopo mapajani mwangu kuanzia Luiche hadi karibu na Uvinza, akashindwa kujizuia. Nikamfunulia. Kuona zile nyaya akasogea pembeni: "Baba, hicho hakilipuki kweli?" Nikamwambia kinalia tu. Hakuridhika, ila alinigawia muhogo. Usingizi ulinichukua, nikazindukia Kaliua kumepambazuka, wauza asali wamenyoosha chupa madirishani. Nilinunua moja. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 400, na mtu ukifika bila asali nguoni hujasafiri.

Kwenye stesheni mpwa wangu alinipokea, "Shikamoo mjomba," akanipakia bodaboda mpaka Isevya. Ilikuwa Septemba, kiangazi kikavu, miembe ya Tabora inatoa maua, vumbi limekaa juu ya kila kitu. Mwezi haukuchaguliwa bure, maana Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, akiwa na miaka 27. Ukumbi ulikuwa wa bati bila dari. Nikalitazama lile bati, nikalitazama kopo langu, moyo ukasita.

Wanafunzi walipata thelathini, magita saba. Wengi ni watoto wa kwaya, wawili watatu wanapiga baa. Mwalimu alikuwa mtu mfupi, mpole, hana mbwembwe. Hakuanza na noti. Aliuliza nani anatumia mkono wa kushoto. Kimya. Mwishowe binti mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono nusu, wa kulia. Nyumbani walimkataza kula kwa mkono wa kushoto, na gita pia akafundishwa kulishika wanavyolishika wengine.

Mwalimu akachukua gita, akalegeza nyuzi zote sita, akazitoa, akaligeuza juu chini, akazifunga upya ili ule uzi mnene ubaki juu. Ilimchukua karibu saa nzima, kwa sababu vijibonde vya pale juu ya shingo vimechongwa kwa uzi mwembamba na mnene ukikaa humo unapanda. Ikabidi avitanue kwa msumeno mdogo wa chuma. Huku anakereza anasimulia: mtoto wa Seattle, Marekani, aliyezaliwa 1942, aliyeanza na kigita kidogo cha ukulele chenye uzi mmoja, akapata gita la dola 5 akiwa na miaka 15. Alikuwa wa kushoto, na magita mengi yalikuwa ya kulia. Akayageuza. Na likigeuzwa lile gita lake la Stratocaster, pikapu ya nyuma, yaani kile kinasa mtikisiko wa nyuzi, iliyolazwa mshazari nayo inageuka, nyuzi nene zinang'ara zaidi na nyembamba zinapoa. Kumbe sehemu ya ule mlio ni ukaidi wa mkono. Binti alipokabidhiwa gita hakulipiga. Alilipakata tu, akawa anahamisha mkono huku na huku kama mtu anayejaribu kitanda kipya.

Saa saba mchana ikafika zamu yangu. Nikaunganisha kopo, Mwalimu akagusa uzi, likatoka kohozi. Pu, pu, kimya. Vijana walicheka hadi wengine wakakaa chini. Nilijua ni nini: germaniamu haipendi joto, ikipata moto inavujisha umeme na kupotea njia, na chini ya lile bati tulikuwa kama mikate. Nikaliweka kopo juu ya kitambaa kibichi, ubavuni mwa mtungi wa maji ya kunywa. Nusu saa baadaye likakwaruza vizuri, sauti nene, chafu, tamu. Tangu hapo kila aliyekwenda kunywa maji alikuwa analiuliza kopo habari za afya yake.

Jioni alikaribishwa mzee mmoja aliyewahi kupiga gita la ridhimu, lile la kushikilia mapigo, kwenye bendi za dansi za mji huu. Tabora haikusubiri kufundishwa gita na mtu. Ilikuwa na Kiko Kids na mandolini yao, ilikuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa segere matata, na Shem Karenga, mtoto wa Kigoma aliyeanzia Lake Tanganyika Jazz, alikuja kupata jina hapahapa kabla hajafariki 2014. Niliipenda hiyo: njia ileile ya reli niliyopita na kopo langu.

Mzee alisikiliza rekodi ya Hendrix amefumba macho. Ikaisha.

"Hawa wako wangapi?"

"Watatu, Mzee. Yeye, besi ni Noel Redding, dramu ni Mitch Mitchell."

"Ridhimu nani?"

"Hakuna ridhimu."

"Usinitanie, mwanangu. Nimemsikia."

Ikarudishwa. Akaomba tena. Kwetu solo ni mtu, ridhimu ni mtu, besi ni mtu, na mzee wa watu amekula mkate wake wote kwa kuwa huyo wa katikati. Mwalimu akamwonyesha picha kwenye simu: dole gumba la Hendrix limepanda juu ya shingo ya gita, linabana ule uzi mnene, vidole vingine viko huru kupamba. Mzee akaikuza picha, akaikaribisha usoni. "Basi ridhimu ni hili gumba," akasema, akalijaribu gumba lake mwenyewe hewani. Halikufika.

Baadaye tulisikilizishwa wimbo wa taifa wa Marekani Hendrix alivyoupiga kwenye tamasha la Woodstock kulekule Marekani, asubuhi ya Jumatatu tarehe 18 Agosti 1969, umati mkubwa umeshaondoka. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, naye aliwahi kuwa askari wa miamvuli. Ndani ya ule wimbo ndege zinashuka na mabomu yanalia, yote kwa gita. Mwaka huohuo, Novemba, muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Mzee alitukumbusha hilo bila kulalamika, kama anayetaja mvua ya zamani.

Siku ya pili ndiyo iliyonivuruga. Mwalimu alifundisha mluzi. Ule ule. Sauti ya spika inatikisa uzi, uzi unaamsha pikapu, pikapu inairudishia spika, mzunguko unajilisha wenyewe. Mimi naujua mzunguko huo miaka yote kama mtu anavyomjua mwizi wa mtaani kwake. Mwalimu alimsimamisha kijana mbele ya amplifaya, akamwambia asogee taratibu, na kila mahali uzi ulipoanza kuimba bila kuguswa akaweka alama ya chaki sakafuni. Hapa noti nzito. Nusu hatua kushoto, nyembamba. Ukigeuka ubavu, kimya. Kufika mchana sakafu ilikuwa na alama kumi na moja, na vijana wanazirukia kama wanacheza rede.

Usiku wa shoo vyombo vilikodiwa, na vilikuja na fundi wao, kijana mwepesi wa mkono. Walianza na nyimbo za dansi, watu wakacheza. Yule binti akapiga ridhimu wimbo mmoja, kwa kushoto, hatazami mtu. Kisha Mwalimu akakanyaga kopo, akasogea kwenye spika. Noti ikaanza kuota. Yule kijana akaivuta chini kabla haijapumua, kama ambavyo ningefanya mimi. Mwalimu alitazama nyuma, akajaribu tena, na mkono wa kijana ukanyanyuka tena. Nikaushika.

"Braza, spika zitaungua! Za watu hizi!"

"Najua zinabeba kiasi gani. Niachie mimi."

Noti ikapanda. Bati likaanza kutetemeka, muuza karanga wa nje akachungulia dirishani, mtoto mmoja akaziba masikio huku anacheka. Nilihesabu moyoni hadi tisa, jasho linanitiririka, mkono wa fundi mwenzangu bado ninao. Kisha Mwalimu akapiga hatua moja pembeni, noti ikabadilika.

Nilirudi na treni ya kesho yake. Kopo nililiacha Tabora, pembeni ya mtungi.

Jumapili Gungu, katikati ya mapambio, maiki ya sauti ya pili ikapiga mluzi. Waumini wakanigeukia. Mkono ulikuwa tayari kwenye miksa, lakini nilisikiliza kwanza ni noti gani. Ilikuwa noti ya "la", na haikuwa mbali na wimbo. Mwalimu wa kwaya akanikazia macho, midomo yake inasema bila sauti: fundi, unasubiri nini?