Mita 195 za kaka yangu

Kilichoniponza ni mdomo. Kaka yangu anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila akienda anakaa kwenye kile kiti kwa muda wa saa 4. Siku moja nimekaa pembeni yake, nachezea simu, nikamwambia: "Nitakimbia marathoni kuwachangia wenzako wasio na uwezo wa kulipia, na nitamaliza kabla wewe hujachomolewa sindano." Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Mdogo wangu, juzi umepanda ngazi za humu ndani ukaomba maji."

Wagonjwa wa viti vya jirani wakacheka. Muuguzi naye akacheka. Ikawa siwezi tena kurudi nyuma.

Wakati huo sikuweza kukimbia hata kilomita 2 bila kusimama. Nilitafuta ratiba ya wanaoanza, ya wiki 20, siku 4 za mazoezi kwa wiki: tatu fupi na moja ndefu ya mwisho wa juma. Wiki 3 za mwanzo ni kukimbia dakika 2 na kutembea dakika 2, na huo mwendo wenyewe ni wa aibu, kwa sababu kanuni inasema kama huwezi kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, punguza. Nikawa nakimbia huku nasema peke yangu barabarani. Watu walinipisha.

Wiki ya 6 nilikuwa nimefika kilomita 14 kwa mbio ndefu, najiona tayari. Wiki ya 7 nikaruka moja kwa moja hadi 21. Nilizimaliza, nikajipiga picha, na kesho yake asubuhi nikashindwa kuweka mguu chini. Muundi wa kulia ulikuwa unauma kama umepigwa rungu. Mtaalamu wa viungo alinibonyeza pale kwa kidole gumba, nikaruka, akaniambia mapafu yanazoea haraka lakini mifupa na kano huchukua muda wake. Wiki 2 bila kukimbia. Nilinuna wiki zote mbili.

Ila mwalimu wangu hasa alikuwa kaka, ambaye hajakimbia tangu shule ya msingi.

Ikiwa figo hazifanyi kazi, maji unayokunywa hayana pa kutokea, yanabaki mwilini mpaka mashine iyatoe. Kwa hiyo kaka anapimwa uzito akiingia na akitoka, na ana daftari dogo lenye safu mbili, ya kabla na ya baada. Anajua kwamba lita 1 ya maji ni kilo 1, na anaijua kwa kiu, maana chai yake anaipima kwa kikombe kilichochorwa mstari. Basi Jumapili moja nimerudi kutoka kilomita 24, chumvi imenikauka usoni nyeupe kama chokaa, nimeshika chupa kubwa naibugia. Akaninyang'anya. "Panda kwanza kwenye mzani."

Nilikuwa nimeondoka na kilo 68. Nikarudi na 66.8, na njiani nilikunywa nusu lita. Akapiga hesabu: umepoteza lita 1 na pointi 7. Akachora safu ya tatu kwenye daftari lake, akaandika jina langu juu. Tangu siku hiyo kila mbio ndefu nilipimwa kama mzigo wa sokoni, kabla na baada, na kwa namba hizo ndipo nilipojua ninywe kiasi gani njiani. Nilikuwa nimezoea kusikia kwamba mkimbiaji anywe tu, anywe sana. Kaka ndiye aliyenionyesha utafiti wa mbio za Boston za mwaka 2002: wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, iliyoshuka kuliko inavyotakiwa. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mpaka uzito ukaongezeka njiani, na waliotumia zaidi ya saa 4. Aliposoma hiyo "zaidi ya saa 4" alinyanyua macho akanitazama, hakusema kitu.

Jambo la pili lilikuwa vidonge. Wakimbiaji wengi niliokutana nao hubeba dawa za maumivu, zile za jamii ya ibuprofeni, na humeza hata kabla hawajaumwa. Dawa hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mtu anayekimbia saa nyingi huku amepungukiwa maji tayari figo zake zinapata damu kidogo. Kaka alizikuta kwenye mkoba wangu wa kiunoni. Hakufoka. Alinyoosha tu mkono wake wa kushoto, akashika kiganja changu akakiweka pale walipomuunganishia mshipa wa kuchomea sindano. Ukigusa pale unasikia damu inatetemeka chini ya ngozi kama simu iliyowekwa mtetemo, usiku na mchana, haizimi. Nilivitupa.

Michango ilinichosha kuliko mazoezi, nisidanganye. Mwanzoni nilituma ujumbe kwenye makundi yote ya simu, "naomba mniunge mkono", nikapata vidole gumba vingi na pesa kidogo. Kisha nikapata wazo la kuuza kilomita. Kila kilomita ina mwenyewe, unachangia unachoweza, na siku ya mbio jina lako naliandika mkononi kwa kalamu. Kilomita ya 1 na ya 42 ziligombewa usiku uleule. Za katikati zikaenda polepole. Kuanzia 31 hadi 36 hakuna aliyezitaka, mpaka bosi wangu wa zamani akanunua ya 34 kwa sharti kwamba nikifika pale nifikirie yeye ndiye ananikimbiza. Baada ya hapo zilizobaki zikaisha kwa utani huohuo.

Pesa haikupita mkononi mwangu hata kidogo. Kila mtu alituma kwenye akaunti ya mfuko wa wagonjwa, mhasibu akanipa orodha, nami nikaibandika kundini. Fedha za watu zikipita kwako, hata uwe mwaminifu vipi utasemwa. Na ahadi hewa hazikosekani. Watu 9 kati ya 42 walikuwa hawajalipa siku ya mbio, na 3 mpaka leo wakiniona wanavuka barabara.

Mita 195 ndizo zilizobaki. Marathoni si kilomita 42 kamili. Kule London mwaka 1908 njia ilianzia kwenye kasri la Windsor na kuishia mbele ya jukwaa la familia ya kifalme uwanjani, na umbali huo wa 42.195 ndio uliokuja kufanywa rasmi mwaka 1921. Yaani tunateseka mita 195 kwa ajili ya viti vya wakubwa. Nilipomweleza kaka, akasema hizo atachukua yeye.

Wiki 3 kabla ya mbio nilikimbia kilomita 32, ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, kisha nikaanza kupunguza ili mwili upumzike. Wiki hizo za kupunguza ni za vichaa. Kila goti linauma, kila mafua ni yako.

Siku yenyewe tulianza saa 12 asubuhi. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kila mahali panapoweza kuchubuka, viatu ni vilevile vya mazoezi, majina yamejaa mkono wote wa kushoto. Na pamoja na yote niliyofundishwa, nikafanya lile kosa linalofanywa na kila mgeni. Watu wanapiga makofi, miguu imepumzika, nikaona mwendo wa kumaliza ndani ya saa 4 ni mwepesi tu. Kilomita 10 nilizimaliza kwa dakika 57. Nusu ya njia, saa 2 na dakika 4. Nilikuwa natabasamu kwenye kamera.

Kufika kilomita ya 28 nikatazama mkono kusoma ya nani. Jasho lilikuwa limeyayeyusha majina yote, limebaki doa la buluu toka kiwiko mpaka kiganjani. Baada ya 30 nikazimika. Misuli na ini huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na aliyeikimbiza mwanzoni humwishia mapema. Nilijua hayo kwa kusoma, ila kuyasoma si sawa na kuyakanyaga. Paja la kushoto likakaza, nikasimama, nikaanza kujikongoja: natembea nguzo mbili, nakimbia nguzo moja. Mwanamume mmoja mwenye huruma alinipa vidonge viwili kwenye kiganja kilekile chenye wino. Nikamshukuru nikamrudishia. Kilomita ya 34 nilimfikiria bosi ananikimbiza, nikaona bora anikamate.

Nilijaribu kumkumbuka John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeingia uwanjani Mexico City mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bendeji, mshindi ameshamaliza zaidi ya saa nzima nyuma. Hadithi hiyo huwapa watu nguvu. Mimi nilikumbuka kwamba alitumia saa 3 na dakika 25, nikakata tamaa zaidi.

Saa yangu ilipoonyesha saa 4 kamili nilikuwa kilomita ya 36. Kwa muda huo kaka angekuwa ameshachomolewa sindano, amebandikwa pamba, amepimwa uzito, anavaa viatu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya uzio, pale penye kibao cha kilomita 42. Aliponiona akasimama, akakunja kiti chake taratibu, akaanza kwenda nami upande wa pili wa uzio. "Hizi ni zangu," akasema, "usiziharibu." Nilikuwa nakimbia, au nilidhani nakimbia. Yeye alikuwa anatembea, kiti kwapani, na tulikwenda sambamba mita zote 195. Saa 4 na dakika 56.

Kucha mbili zilikuwa nyeusi. Mzani ulisema nimepungua kilo 1.4, akaandika kwenye safu ya tatu.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu, nikamsindikiza kama kawaida. Kupanda ngazi nilipanda kwa kushika ukuta. Ndani, wale wa viti vya jirani walitaka kujua nimemaliza kabla ya sindano au baada, na kaka akawajibu kwa niaba yangu: "Sindano ilichomolewa, nikala, nikalala, nikaamka." Kushuka ndiko kulikokuwa balaa. Mapaja hayakukubali kabisa kwenda mbele, nikageuka, nikawa nashuka kinyumenyume, ngazi moja baada ya nyingine, nimeng'ang'ania reli kwa mikono miwili. Kaka, ambaye ndiyo kwanza ametolewa lita 2 na nusu za maji na kwa kawaida hutoka pale amechoka hoi, alinipita taratibu akaenda kunisubiri chini.

Nilipogeuza shingo alikuwa ameishika simu yake, anapima muda.